Mnaoanzisha bendi sahii, someni njia waliyopita The Saints wa Brisbane

Hii nawaandikia nyinyi mnaoanza, wale mna gita ya kuazima na mpiga drams mnayemchangia na bendi ingine, halafu kila mkikutana stori ni lebo, lebo, lebo, nani atatusaini, meneja gani ako na konekshen. Nimekaa nyuma ya mixa kwa shoo za bendi changa miaka mingi hapa Nairobi na nimeona vijana wazuri sana wakimaliza moto wao wote kwa hilo swali kabla hawajarekodi hata ngoma moja. Ndio maana kila bendi mpya inayokuja kuniuliza naiambia kwanza iende ikawasome The Saints, manake sijaona bendi ingine ya punk rock, ile rock ya haraka na ya kelele, ambayo safari yake inamfaa mtu anayeanza kama hii, ile sehemu nzuri na ile sehemu chungu.

Kwanza muelewe walikotoka. Brisbane iko jimbo la Queensland, Australia, na katikati ya miaka ya 70 muziki wa huko wote ulikuwa unaendeshwa kutoka Sydney na Melbourne, Brisbane ilionekana tu kama ushago mkubwa. Jimbo lilikuwa chini ya Joh Bjelke-Petersen, kiongozi mkali wa kihafidhina aliyekaa madarakani kutoka 1968 hadi 1987, polisi wake walikuwa wakiona vijana wa nywele ndefu wamejazana mahali wanakuja kutawanya, na mwaka 1977 alifika hadi kupiga marufuku maandamano ya barabarani. Sasa hapo ndani kuna vijana watatu waliojuana tangu shule. Chris Bailey anaimba, Ed Kuepper anapiga gita, Ivor Hay alianzia vyombo vingine akaishia kwa drams kwa sababu bendi ilihitaji mtu wa drams. Na hii wengi hawajui: Bailey alizaliwa Nanyuki, Nanyuki hii yetu ya chini ya Mlima Kenya, mwaka 1956, wazazi wake Waairishi, akakulia Belfast kidogo kisha familia ikahamia Australia, mtaa wa Inala, mtaa wa watu wa kawaida kabisa. Kuepper naye alizaliwa Ujerumani, mji wa Bremen. Kwa hivyo hawa hawakuwa watoto wa watu wanaojuana na watu kwa biashara ya muziki, hawakuwa na mjomba redioni.

Walianza 1973 na jina lingine, 1974 wakawa The Saints. Hakuna klabu iliyokuwa inawataka, na hapo ndipo mimi nawaambia muangalie kwa makini walichofanya. Bailey na Hay walikuwa wanaishi kwa nyumba moja sehemu ya Petrie Terrace, wakaigeuza hiyo nyumba yenyewe ikawa pahali pa shoo, wakaiita Club 76, watu wanaingia sebuleni bendi inapiga, na polisi wako hapo hapo karibu. Haikudumu, lakini wakati ikiendelea walikuwa wanapiga mbele ya watu, na kupiga mbele ya watu kuna mambo inafunza ambayo chumba cha mazoezi hakiwezi. Kuepper alikuja kueleza baadaye kwamba ile spidi yao, ile ngoma zao kukimbia sana, ilikuja kwa sababu walikuwa na wasiwasi mbele ya watu, wakipanda wanazidi kukimbia, wanazidi kukimbia, hadi ikawa ndiyo sauti yao. Hii nawaomba muishike. Bendi nyingi changa zinakuja kwangu saundcheki zinaniambia tufiche hiki, punguza kile, kwa sababu wamesikia bendi kubwa haifanyi hivyo. Wacheni kwanza. Pigeni shoo kadhaa, rekodini hata na simu, sikizeni, kile kitu mnachokionea haya kinaweza kuwa ndicho pekee mlicho nacho ambacho wengine hawana.

Halafu sasa kurekodi. Juni 1976 waliingia studio ndogo hapo hapo Brisbane, wakarekodi nyimbo mbili kwa muda mfupi tu, prodyuza alikuwa Mark Moffatt, upande mmoja (I'm) Stranded na upande wa pili No Time. Lebo hawana, kwa hivyo wakaunda yao, Fatal Records, wakatengenezesha nakala 500 tu. Walijuaje kwamba mtu binafsi anaweza kulipia kiwanda kimtolee santuri? Kuepper alikuwa anafanya kazi kwa ghala la kampuni ya santuri, akaona vile kazi inaenda. Mnaona umuhimu wa kuwa karibu na kazi yenyewe, hata kama ni kubeba maboksi? Mimi vijana wakiniuliza wafanye kazi gani wakati bendi haijalipa nawaambia tafuta yoyote iliyo karibu na muziki, kukodisha spika, kuchapisha posta, kukata tiketi mlangoni, kufunga nyaya, utajua bei za kweli na utajua nani anafanya nini.

Singo, yaani hiyo santuri ndogo ya nyimbo mbili, ilitoka Septemba 1976. Wangeweza kuziuza kwa marafiki zikaisha, ila wakazituma mbali, kwa redio na magazeti, pamoja na Uingereza, zaidi ya kilomita 16,000 kutoka kwao. Gazeti la muziki la London linaloitwa Sounds likaisifu sana Oktoba, likaifanya singo ya wiki. Muangalie tarehe hizo: New Rose ya The Damned, ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa singo ya kwanza ya punk ya Uingereza, ilitoka tarehe 22 Oktoba 1976, na ya kwanza ya Sex Pistols, bendi ingine ya London, ilitoka Novemba. Yaani vijana wa Brisbane, mji hakuna mtu alikuwa anauangalia, walishatoa santuri ya punk kabla ya London. Kama wangesubiri lebo ya Sydney iwaone wangekuwa wafuataji. Ofisi ya London ya EMI, kampuni kubwa ya muziki ya Uingereza, ndiyo iliyosikia na ikaambia ofisi ya Sydney iwasaini, wakapewa mkataba wa albamu tatu, wakarekodi albamu ya kwanza kwa siku chache za Desemba na ikatoka Februari 1977.

Kwa hivyo swali la lebo jibu langu ni hilo. Maliza ngoma mbili, mbili tu, zimalize vizuri, zitoe wenyewe, halafu tumeni kwa watu ambao hawajui jina lenu wala mtaa wenu. Siku hizi hata posta hulipi. Msitume demo ya nusu na maelezo marefu ya vile itakuwa ikiisha, huyo mtu wa redio anafungua, sekunde ishirini, anafunga.

Sasa sehemu ngumu. Katikati ya 1977 wakahamia Uingereza, na This Perfect Day ikaingia chati ya Uingereza namba 34, wakaonekana hadi Top of the Pops, kipindi cha muziki cha TV ya BBC. Lakini London ilikuwa na sare ya punk tayari, nywele zimesimama, nguo zimechanwa, na kampuni ilitaka kuwauza hivyo. Wao wakakataa, wakabaki na nywele zao ndefu na mashati yao ya kawaida. Mashabiki wengine na magazeti wakawaona kama hawahusiki, na hiyo iliwagharimu, siwezi kuwadanganya kwamba haikuwagharimu. Mimi bado nasema walikuwa sawa. Nguo ukivalishwa leo kesho utachaguliwa nyimbo, na ukiangalia picha za wakati huo leo, wao ndio wanaonekana hawajazeeka.

Wakaenda mbali zaidi kimuziki. Mpiga besi Kym Bradshaw alitoka, akaingia Mwingereza Algy Ward, na mwaka 1978 wakatoa Eternally Yours ikiwa na tarumbeta na saksafoni ndani ya nyimbo kama Know Your Product, wakati punk wote wanataka gita tatu na kelele. Mwaka huo huo Prehistoric Sounds, polepole zaidi, ina jazi na R&B ndani. Haikuuza. EMI ikawaacha na ile bendi ya mwanzo ikavunjika. Kutoka singo waliyoitoa wenyewe hadi kuvunjika ni kama miaka miwili na kidogo, muiweke hiyo akilini mkiwa mnapanga miaka kumi mbele.

Na hapa kuna jambo ambalo hamtaki kuongea mkiwa bado mnapendana: jina ni la nani? Kuepper alirudi Australia akaanzisha Laughing Clowns, Bailey akaendelea na jina la The Saints na watu wengine, wengi walikuja na wakaenda, miaka na miaka. Kuepper mwaka 1991 akaanzisha bendi akaiita The Aints, mnaweza kusoma wenyewe hapo ndani kuna hisia gani. Bendi zetu hapa zimevunjika kwa jambo hilo hilo, nimeona watu wawili wakitangaza shoo wikendi moja kwa jina moja, posta mbili, na mashabiki hawajui waende wapi. Kaeni chini mapema, kabla ya pesa. Andikeni karatasi: jina likibaki linabaki na nani, wimbo umeandikwa na nani, asilimia ni ngapi kwa ngapi, gita na amplifaya zilizonunuliwa na pesa ya bendi zinagawanywa vipi mtu akitoka. Kila mmoja aweke sahihi na abaki na nakala. Anayekasirika kuulizwa hivyo ni afadhali mumjue sasa.

Msifikirie pia kwamba bendi kuvunjika ndio kazi imeisha. Bailey aliandika Just Like Fire Would, ikatoka 1986 kwa jina la The Saints, na mwaka 2014 Bruce Springsteen, staa mkubwa wa rock wa Marekani, akaiweka kwa albamu yake, karibu miaka thelathini baadaye. The Saints waliingizwa ARIA Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa Australia, mwaka 2001. Bailey alifariki Aprili 2022, na mwaka 2024 Kuepper na Hay wakarudi jukwaani Australia kupiga zile nyimbo za 1973 hadi 1978, Mark Arm wa Mudhoney, bendi ya rock ya Marekani, akiimba. Kwa hivyo tunzeni rekodi zenu, zile faili za kila chombo peke yake, msiziache kwa kompyuta ya studio moja tu, wekeni nakala sehemu mbili na muandike nani alipiga nini.

Kama hamjawahi kuwasikia msianze na zile za mwisho. Anzeni na (I'm) Stranded, spika kubwa kama mnayo, msikilize vile gita ya Kuepper inajaza kila pahali na vile Bailey anaimba kama mtu ambaye hajali utampenda ama hutampenda. Kisha This Perfect Day, kisha Know Your Product muone tarumbeta zinakaa wapi, halafu ndio muingie Prehistoric Sounds yote, usiku mmoja, bila kuruka wimbo. Mpiga drams wenu amsikilize Hay peke yake mara ya pili, na mpiga gita aache kwanza kununua pedali mpya hadi amalize hiyo kazi.