Dawa mbili ndani ya kidonge kimoja

SWALI: Daktari, nina miaka 38. Nilimeza amlodipini kila asubuhi, lakini presha iligoma kwenye 160/100, na miguu ikavimba hadi soksi zikaacha mfereji. Sasa nimepewa kidonge chenye amlodipini na losatani. Si dawa nyingi mno?

JIBU: Hapana, dada yangu. Amlodipini hulegeza mishipa. Losatani huzuia homoni inayoibana. Mbili kwa dozi ndogo mara nyingi hushusha presha kuliko kuongeza dozi ya moja, na hata uvimbe huenda ukapungua. Ila vile vidonge vya zamani usivichanganye na hiki (wengi hufanya hivyo!), utameza amlodipini maradufu. Ukipanga kushika mimba, niambie mapema: losatani humdhuru mtoto tumboni.