Impreza WRX ya kila siku: ishike kona bila kuumiza mgongo

Subaru Impreza WRX ya umbo la GD (2000–2007) ikianza kulala kwenye kona, wengi hukimbilia springi fupi. Hapo ndipo raha inapopotea. Gari linaumiza mgongo hasa pale shokapu inapoishiwa nafasi ya kushuka na kugonga raba ya kizuio. Ukilishusha mm 40 umeipunguza nafasi hiyo kwa mm 40, na tuta dogo linakuwa pigo. Tena, mbele kuna mfumo wa MacPherson (shokapu na springi pamoja, na loa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu): loa amu zikishapanda upande wa tairi, bodi hulala zaidi kwenye kona. Kwa hiyo usivuke mm 20, na springi zisizidi za kiwandani kwa ugumu wa asilimia 20 hadi 30.

Kabla ya springi, kagua raba. Bushi za loa amu, maunti za juu za shokapu na linki za stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala) za gari la umri huu mara nyingi zimekwisha, na kuzibadilisha tu hurudisha utulivu mwingi. Chagua raba za kawaida. Poliurethani (plastiki ngumu inayowekwa badala ya raba) hupitisha mtetemo ndani na hulia ikikauka grisi. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya tairi. Fundi akizikaza amu zikining'inia kwenye jeki, raba hubaki imejipinda gari likishushwa, na itachanika mapema. Msimamie katika hili.

Fedha nyingi ziende kwenye shokapu. Shokapu ya Bilstein B6 imetengenezwa kwa kimo cha kiwandani, B8 ni fupi kwa springi zilizoshushwa, usizichanganye. Shokapu kuukuu chini ya springi ngumu haiwezi kuituliza springi, na gari litadundadunda hata lami ikiwa safi. Ukitumia koilova (shokapu na springi zinazorekebishwa kimo) yenye kikombe cha chini kinachozunguka, rekebisha kimo hapo, usibane springi.

Stabilaiza ya nyuma kutoka mm 20 kwenda mm 22 inaongeza ugumu kwa takriban asilimia 46, maana ugumu hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Hiyo inatosha. Ikizidi, shimo linalokanyagwa na tairi la kushoto litasikika hata upande wa kulia.

Tairi nazo ni springi. 205/55R16 ina ukuta wa mm 113 wa kumeza mashimo, wakati 215/45R17 ina mm 97, ilhali kimo chake kizima kinakaribiana. Mwenye STI (toleo kali zaidi la WRX) yenye breki za Brembo abaki na rimu za inchi 17. Za 16 hazipiti.

Springi zikishakaa, baada ya kilomita mia chache, peleka alaimenti: kemba (mwinamo wa tairi) ya mbele nyuzi -1.2 hadi -1.5, too (tairi kuelekea ndani au nje) sifuri. Bolti ya juu inayoshika shokapu na nakoli (kiungo kinachobeba gurudumu) ndiyo ya kurekebishia kemba, hivyo itiwe alama kabla ya kufunguliwa.