Wasomaji Wanauliza: Alama za Sekondari na Vyuo vya Marekani Vyenye Ushindani Mkali

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu namna alama za sekondari na uchaguzi wa masomo unavyomsaidia au kumkwamisha mwanafunzi anayeomba nafasi katika vyuo vya Marekani vinavyopokea maombi mengi na kuchukua wachache. Tunazungumzia vyuo kama Harvard, Stanford na MIT, ambavyo huchukua watu wasiozidi 5 katika kila waombaji 100, pamoja na vyuo vikuu vya majimbo ambavyo ushindani wake umeongezeka sana. Tumechagua barua tano.

SWALI: Binti yangu yuko darasa la 10 hapa Houston, na tangu aanze sekondari amepata A katika masomo yote ya kawaida. Mshauri wa shule anataka mwaka ujao asome Kemia na Historia za kiwango cha AP. Naogopa atashuka hadi B na kuharibu rekodi yake. Si heri abaki alipo? *Mama wa watoto wanne, Houston, Texas*

JIBU: Dada yangu, hofu yako inaeleweka, kwa kuwa wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki tulizoea mtihani mmoja wa taifa unaoamua kila kitu, ambapo A ni A na hakuna anayeuliza ilipatikana wapi. Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Chuo hutumiwa transkripti, yaani orodha ya masomo yote tangu darasa la 9 pamoja na alama ya kila muhula au kila mwaka, na mbele ya kila somo huonekana kiwango chake: la kawaida, la juu linaloitwa Honors, au la AP, ambalo mwongozo wake hutolewa na shirika la mitihani liitwalo College Board na hulenga kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo. Afisa wa udahili husoma mstari mzima, somo pamoja na alama yake, na kwa macho yake A ya Kemia ya kawaida na A ya Kemia ya AP hazina uzito mmoja.

Tena transkripti haiendi peke yake. Mshauri huambatanisha maelezo ya shule yanayoonyesha masomo ya AP yaliyopo, namna alama zinavyotolewa na wahitimu huelekea wapi. Kisha katika fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi, mshauri huulizwa swali ambalo wazazi wengi hawalijui kabisa: mwanafunzi huyu akilinganishwa na wenzake wa shule hiyo hiyo, masomo aliyochagua ni magumu kiasi gani? Majibu yamepangwa katika ngazi tano, na ya juu kabisa ni kwamba amechagua masomo magumu kuliko yote yanayopatikana hapo. Binti mwenye A tupu katika masomo ya kawaida, katika shule yenye masomo mengi ya AP, ataangukia ngazi za chini za swali hilo, na kwa chuo kinachochuja sana hapo ndipo nafasi yake inapopungua. Mwanafunzi wa shule yenye masomo matatu tu ya AP, aliyeyasoma yote matatu, hahesabiwi kuwa nyuma ya yule aliyesoma manane katika shule yenye ishirini. Kila mwombaji hupimwa kwa yale ambayo shule yake iliweza kumpa.

Kwa hiyo ninaungana na mshauri: ayachukue hayo mawili, mradi aliyapenda mwenyewe. Kabla ya kujiandikisha, na aende kwa mwalimu wa Kemia ya AP amuulize kuhusu kiwango cha hesabu kinachohitajika na saa za kazi za nyumbani kwa wiki, kwa sababu wanafunzi wengi wanaokwama katika somo hilo hukwamishwa na aljebra. B moja au mbili katika masomo kama hayo haziharibu rekodi. Kinachoharibu ni kujitwisha AP tano kwa mpigo halafu alama za masomo yote zikaporomoka, na katika hilo ningemuunga mkono mzazi anayesema hapana. Ikiwa ndiye anayewalea wadogo zake jioni, au anayewatafsiria wazee hospitalini na katika ofisi za serikali, muda huo nao uhesabiwe mnapopanga masomo, na auandike katika maombi yake, kwani Common App ina sehemu ya majukumu ya familia na wasomaji wa maombi huizingatia.

Texas ina sababu nyingine ya kutobaki katika masomo ya kawaida. Chini ya sheria ya mwaka 1997, wahitimu walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao hupata nafasi moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo, wakitimiza masharti ya masomo, ikiwemo Aljebra ya Pili. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeruhusiwa kuchukua sehemu ndogo zaidi, na kuanzia wanaoingia mwaka 2026 ni asilimia 5. Nafasi darasani hupangwa kwa wastani wa alama, GPA, na katika wilaya nyingi za elimu A ya AP huhesabiwa 5 badala ya 4, hivyo B ya AP huwa sawa na A ya kawaida. Muombe mshauri akuonyeshe kanuni ya wilaya yenu kwa maandishi, kwa sababu zinatofautiana. Fahamu pia kwamba sheria hiyo humhakikishia nafasi ya chuo tu. Kitivo kama uhandisi kina mchujo wake, na vyuo binafsi kama Rice havimo kabisa katika utaratibu huo.

SWALI: Tulitoka Kongo tukafikia Des Moines. Mwanangu aliingizwa darasa la 9, akapewa masomo ya Kiingereza kwa wageni na Aljebra ya Kwanza, ilhali kule nyumbani alikuwa amekwisha kuisoma aljebra. Anataka kuwa mhandisi. Je, amechelewa? *Baba, Iowa*

JIBU: Ndugu yangu, hajachelewa, ila jambo hili halifai kusubiri mwaka ujao. Hesabu katika sekondari za Marekani hupangwa kama ngazi: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, matayarisho ya kalkulasi, kisha Kalkulasi yenyewe. Hizo ni ngazi tano na miaka ni minne. Anayeanzia Aljebra ya Kwanza darasa la 9 humaliza sekondari bila kuigusa Kalkulasi, na vyuo vyenye uhandisi wa hali ya juu huitafuta. MIT, kwa mfano, huwashauri waombaji wafike Kalkulasi na wasome pia fizikia, kemia na baiolojia.

Inawezekana mwanao aliwekwa chini kwa sababu ya Kiingereza, kwani kijana anayeweza kutatua mlinganyo huenda akashindwa kulielewa swali lililoandikwa kwa lugha asiyoijua. Peleka shuleni ripoti zake za Kongo zikiwa zimetafsiriwa, na uombe apimwe upya hesabu tupu, ikiwezekana akiwa na mkalimani. Shule ikikataa kumpandisha, bado kuna njia mbili: asome Jiometri na Aljebra ya Pili katika mwaka mmoja, au asome ngazi moja wakati wa kiangazi. Akifika darasa la 11 au la 12 anaweza pia kusoma hesabu za chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kwa utaratibu wa kusoma sekondari na chuo kwa pamoja, ambao Iowa hauwagharimu wanafunzi ada, na alama zake huingia katika rekodi zote mbili.

Kuhusu Kiingereza, jitahidini atoke katika madarasa ya wageni mara tu anapoweza. Vyuo haviyahesabu masomo hayo kwa namna moja. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hukubali mwaka mmoja tu wa masomo ya aina hiyo katika miaka minne ya Kiingereza inayodaiwa. Lakini lugha alizokuja nazo ni mali kubwa, na inasikitisha kuona familia zinazificha. Kama alisoma kwa Kifaransa, upo mtihani wa AP wa Kifaransa, ambao hufanyika mwezi Mei na hutolewa alama 1 hadi 5, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa ada yake. Kiswahili hakina mtihani wa AP, ila majimbo yote yana utaratibu wa muhuri wa lugha mbili kwa mhitimu anayethibitisha umahiri wake katika Kiingereza na lugha nyingine, kwa hiyo ulizia iwapo shule yenu imejiunga. Mshauri naye aeleze katika barua yake kijana alifika lini na alianzia wapi. Msomaji wa maombi akijua kwamba kijana huyu alianza bila Kiingereza na sasa anafanya vizuri katika Fizikia ya Honors, ataisoma transkripti hiyo kwa jicho lingine.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha sita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), mkoani Kilimanjaro. Kidato cha nne nilipata Daraja la Kwanza, lakini alama zangu za mihula ni kati ya 58 na 66. Nimesikia Wamarekani wanataka wastani wa 90. Je, nisijisumbue? *Mwanafunzi, Moshi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikate tamaa kwa sababu ya namba hizo, kwani hatari iliyopo ni zisomwe na mtu asiyeujua mfumo wetu. Katika shule nyingi za Marekani chini ya 60 ni kufeli, ilhali katika mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wa kidato cha nne C huanzia 45 na A huanzia 75, na katika kidato cha sita 60 hadi 69 ni C na A huanzia 80. Mwalimu mkuu wako ndiye anayepaswa kuliweka hili wazi. Muombe aandike ukurasa mmoja wa maelezo ya shule wenye viwango hivyo vya alama, idadi ya wanafunzi wa mkondo wako na nafasi yako kati yao, pamoja na matokeo ya shule katika mitihani ya taifa. Nafasi ya 3 kati ya 80 ikiandikwa karibu na alama 64 hubadilisha kabisa maana ya namba hiyo. Usijigeuzie alama ziwe GPA kwa kikokotoo cha mtandaoni. Zitume kama zilivyo.

Aeleze pia kwamba tahasusi ni utaratibu wa nchi nzima, ili msomaji asidhani uliikimbia historia kwa hiari yako. Fizikia, Kemia na Hesabu za Juu kwa miaka miwili ni mzigo mzito, na vyuo hivi vinautambua. Vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, wakati wewe hufanyi mtihani wa taifa hadi Mei, hivyo watategemea ripoti za kidato cha tatu hadi cha sita, cheti cha kidato cha nne na makadirio ya walimu. Angalia pia masharti ya SAT, mtihani wa kuwapima waombaji wa vyuo, kwa kuwa MIT iliurudisha kuwa wa lazima mwaka 2022, na Harvard ikafuata mwaka 2024. Ofisi ya EducationUSA Dar es Salaam hutoa ushauri bila malipo. Kuhusu ada, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hazimkatai mwombaji kwa sababu familia yake haina fedha, hata akiwa mgeni.

SWALI: Darasa la 9 niliugua nikapata D mbili na C kadhaa. Darasa la 10 na la 11 nimepata A karibu zote. Nimeshaharibikiwa? *Msomaji, San Diego, California*

JIBU: Hapana. Chuo Kikuu cha California hukokotoa GPA kwa masomo yaliyosomwa kati ya kiangazi kinachofuata darasa la 9 na kiangazi kinachotangulia darasa la 12, tena hakitumii mitihani ya SAT wala ACT katika udahili. Lakini D hazikubaliki katika masomo 15 ya lazima, ambapo C ndiyo alama ya chini, hivyo mwone mshauri mapema ujue ni somo gani la kurudia na lipi linafidiwa na somo la juu zaidi ulilofaulu. Vyuo binafsi vitaiona miaka yote minne. Waelezee ugonjwa huo kwa sentensi tatu au nne katika sehemu ya maelezo ya ziada, bila kuomba huruma, kisha waache waone alama zilivyopanda.

SWALI: Nimekubaliwa chuoni mwezi Desemba. Kalkulasi inanichosha. Naweza kuiacha muhula wa pili? *Msomaji, darasa la 12, Maryland*

JIBU: Usiiache kimyakimya, mwanangu. Chuo kilikukubali kwa kuangalia masomo uliyosema unasoma, shule hutuma ripoti ya katikati ya mwaka na nyingine ya mwisho, na barua ya kukubaliwa kwa kawaida huwa na sharti la kumaliza ulivyoanza. Wapo wanaonyang'anywa nafasi mwezi Julai kwa alama zilizoporomoka au somo lililoachwa bila taarifa, wakati ambapo karibu vyuo vyote vingine vimeshafunga milango. Mwandikie afisa wa udahili wa chuo chako, eleza sababu na somo unalotaka kuweka badala yake, na usiguse ratiba mpaka upate jibu lake kwa maandishi.