Hospitali ya wazee iliyo kama nyumbani

SWALI: Familia yetu ina kiwanja Bukoto, Kampala, kwenye mteremko. Tunataka hospitali ndogo ya wazee, vitanda 24, ghorofa mbili, iwe kama nyumbani. Tumefikiria makapeti, mapazia mazito na rangi nzuri. Wewe msanifu majengo unasemaje?

JIBU: Dada, makapeti yaache dukani. Hunyonya mkojo, na mzee anayeburuta mguu hujikwaa ukingoni. Tandikeni vinili (zulia la plastiki) isiyoteleza wala kung'aa, ya rangi moja. Sakafu inayometameta mzee huiona kama maji, na doa jeusi kwa mwenye ugonjwa wa kusahau ni shimo. Atasimama hapo akatae kuvuka. Mapazia yawe mepesi, ya kufulika.

Mimi ningeanza na choo. Mzee huamka usiku, na safari hiyo ndiyo inayomwangusha. Kila chumba kiwe na choo chake, mlango uonekane akiwa bado amelala, taa hafifu chini ya kitanda, na chuma cha kushika ukutani njia nzima. Kikalio kiwe na rangi yake: choo cheupe juu ya vigae vyeupe macho ya uzeeni hayakioni.

Mteremko wenu ni bahati. Kumpandisha mtu wa kiti cha magurudumu mita 3, kwa mwinuko wa 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kila mita 12 za njia), kunataka njia ya mita 36, bado sehemu za kupumzikia. Lifti nayo, umeme ukikatika, unaijua. Basi lichimbieni jengo kilimani: ghorofa ya juu iingiwe kutoka barabara ya juu, ya chini kutoka upande wa bondeni, ambulensi ifike kote kuwili.

Madirisha yatazame kaskazini na kusini kiwanja kikiruhusu, maana hapa ikweta jua kali la ubavuni ni la asubuhi na jioni. Yashuke chini kiasi cha aliyelala kuona mti. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji huko Pennsylvania, Marekani, waliotazama miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Na muuguzaji wa nyumbani je? Kwetu mgonjwa haji peke yake, lakini michoro mingi humsahau binti yake, akaishia mkekani chini ya kitanda. Mpeni benchi la kulalia dirishani, jiko la kupikia uji, na kamba ya kuanikia.

Kabla ya kumwaga zege, chora chumba kimoja kwa chokaa hapo kiwanjani, weka kitanda, kisha mwombe jaja wenu (bibi au babu) atembee hadi "chooni". Nimewahi kuhamisha mlango mara mbili kwa ajili ya mzee mmoja na mkongojo wake.