Gereji ya hapa au kiwanda cha Ujerumani?
Mdogo wangu, umeuliza kama mafunzo ya ufundi kwenye kiwanda cha magari kule Ujerumani yanazidi gereji ya hapa Lubumbashi. Mimi nilijifunzia gereji ya Kamalondo. Mkubwa wetu alikaza bolti za kichwa cha injini kwa kukisia tu. Siku moja nikamuiga kwenye Land Cruiser, gasketi, kile kizibo kati ya kichwa na bloku ya injini, ikaungua kabla wiki haijaisha. Kule kiwandani mara nyingi unaanza na tupa na kipande cha chuma, unakisugua mpaka kipimo kikubali. Usidharau hatua hiyo, ndiyo inayofundisha mkono. Fundi wa mekatroniki, yaani mitambo na umeme wa gari pamoja, anasoma miaka 3 na nusu, siku nyingine karakana, nyingine shuleni, na analipwa posho kila mwezi tangu mwanzo. Lakini mtihani ni kwa Kijerumani, kwa hiyo anza lugha sasa, kabla ya kutafuta mkataba wa mafunzo. Na anayekuomba dola ili akupatie nafasi, mkimbie: kiwanda ndicho kinachomlipa mwanafunzi. Wakati unangoja, jifunze kusoma mchoro wa umeme wa gari. Njoo Jumamosi nikuonyeshe.