Malaria ya 705 kuzidi ya maabara

Salaam ndugu. Umesema wagonjwa wa malaria wa MOH 705A na 705B, zile fomu za Wizara ya Afya ya Kenya za muhtasari wa mwezi wa wagonjwa wa nje, ukiwajumlisha wanazidi waliothibitishwa kwenye MOH 706, muhtasari wa vipimo vya maabara, na umehesabu mara tatu. Usihesabu tena.

Fungua kwanza rejista za wagonjwa wa nje, MOH 204A ya watoto chini ya miaka 5 na 204B ya wakubwa. Nilipokuwa zahanati moja huku Likoni, walioandikiwa dawa kwa kushukiwa tu walitiwa kapu moja na waliothibitishwa. Mwezi mzima nikamlaumu bure mtu wa maabara!

Kisha ulizia vipimo vya haraka vinavyofanywa chumba cha daktari. Vile aghalabu havifiki kitabu cha maabara. Wodini sijawahi kufanya kazi, huko aongeze mwengine. Rekebisha mapema, tarehe 15, siku ya mwisho ya kupeleka ripoti za mwezi, isikukute.