Usilipie hiyo wijeti! (jibu kwa aliyeuliza kuhusu tovuti za watu wenye ulemavu)

Usilipe. Kama umeshaingiza namba ya kadi, rudi uifute sasa hivi, mengine utasoma baadaye.

Kwa wanaoingia uzini sasa: ndugu yetu yuko Mbale, anajifundisha kutengeneza tovuti na programu za simu, na anataka kazi zake ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Ameuliza kozi ipi, laptop ipi, cheti kina faida gani, soko lipo Uganda au hakuna. Katikati ya hayo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akapenyeza kwamba amepata wijeti ya kulipia kila mwezi: unabandika mstari mmoja wa msimbo, kinatokea kidude pembeni chenye alama ya mtu, na tovuti nzima inakuwa "imekidhi viwango". Hapo chai ilinipalia.

Nililipia kitu cha aina hiyo kwa mwaka mzima, kwa dola. Kwa pesa yetu ilikuwa karibu milioni moja na laki nane. Ndiyo, mimi ninayejiita fundi. Chekeni haraka tuendelee.

Kazi yenyewe ilikuwa ya SACCO moja upande wa Jinja, walitaka fomu ya kuomba mkopo mtandaoni. Wafadhili wao walikuwa na sharti moja tu, kwamba wanachama wenye ulemavu waweze kuijaza wenyewe bila kumwomba mtu. Nikasema hakuna shida. Kisha nikaenda kutafuta kwenye video maana yake ni nini, jambo ambalo ningefanya kabla ya kusema hakuna shida.

Nikakutana na mwalimu mmoja wa video, kofia kichwani, taa za rangi nyuma yake. Akasema kusoma WCAG, yaani viwango vya kimataifa vya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ni kupoteza muda, ni kurasa nyingi za kuchosha, bandika wijeti hii umemaliza. Kiungo kilikuwa chini ya video. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kila anayelipa kupitia kiungo kile, yeye anapata kamisheni. Siku nzima anafundisha watu kuhusu wasioona na nina hakika hajawahi kukaa na hata mmoja wao. Kama unasoma hapa, kaka, kofia yako nimeilipia mimi.

Nikabandika. Nikapitisha ukurasa kwenye kikagua cha moja kwa moja cha ndani ya kivinjari, nikapata 100 kwa 100. Nikaichapa hiyo alama kwa rangi, Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nikampelekea meneja kwenye bahasha. Banange, nilivaa hadi koti.

Meneja akawa amemwita mwanachama mmoja asiyeona, mwalimu mstaafu. Mzee akaja na laptop yake ya zamani, headphone shingoni, ndani kuna NVDA. Kwa wasiojua, NVDA ni kisoma skrini cha bure cha Windows, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, kisha akaungana naye James Teh, naye Mwaustralia asiyeona. Mzee akakifungua, akachomoa headphone ili sote tusikie. Laiti angeziacha.

Kwanza wijeti ikajitangaza. Ikamwambia abonyeze vitufe fulani kuwasha "hali ya kisoma skrini". Mzee akanigeukia: "Mwanangu, mimi kisoma skrini ninacho. Huyu mwingine anataka nini?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Asiyeona hafiki kwenye tovuti yako akiwa mikono mitupu akingoja umpe chombo. Chombo anacho, amekizoea, ameweka kasi anayoitaka. Anachohitaji ni HTML yako, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, iwe imeandikwa vizuri ili chombo chake kiisome.

Kisha ikaja sauti. Mashine ya mzee ilikuwa imewekwa isome Kiswahili, na ukurasa wangu ulikuwa wa Kiswahili, lakini kule juu kabisa nilikuwa nimeacha lang="en" iliyokuja na kiolezo, inayotangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. NVDA ikatii, ikabadili sauti, ikaanza kusoma "kiasi cha mkopo" kama mtalii wa siku ya kwanza Entebbe. Herufi mbili tu, sw, zingemaliza tatizo hilo.

Sehemu za kujaza hazikuwa na lebo. Niliandika maelezo yale ya kijivu ndani ya kisanduku, yanayopotea ukianza kuandika. Mzee alijaza, akarudi nyuma kuhakiki kama mtu yeyote mwenye akili anayeomba mkopo, akakuta namba zinasomwa bila kuambiwa ipi ni ya nini. Ipi miezi, ipi shilingi? Kwenye mkopo!

Halafu kitufe cha kutuma. Nilikitengeneza kwa <div>, ambayo kwa HTML ni kisanduku tu kisicho na kazi maalumu, nikakipaka kijani, nikakipa kona za mviringo, kikapendeza. Mzee akabonyeza Tab, kitufe cha kibodi cha kuhamia sehemu inayofuata, akatoka kwenye namba ya simu akaangukia viungo vya chini ya ukurasa. Akarudi. Akaenda tena. Kwa kibodi kitufe hakikuwepo, kwa sababu <div> haipokei Tab mpaka uilazimishe, wakati <button> ya kawaida inapokea yenyewe bila kuombwa. Lile fumbo la kuthibitisha wewe si roboti, la kuchagua picha zenye taa za barabarani, hatukulifikia hata. Mungu alinisitiri.

Na zile 100? Hapa sikiliza vizuri, maana utazipata na wewe. Kikagua kinaangalia kama lang ipo, hakijui ukurasa umeandikwa lugha gani. Maandishi yale ya kijivu kinayahesabu kuwa jina la kisanduku, kinapita. <div> yenye rangi ya kijani kwake ni <div> tu, hakijui kwamba mimi nimeigeuza kitufe. Kitumie kukamata makosa ya wazi, lakini ukikipeleka kwa mteja kama ushahidi, chapa na nauli ya kurudi.

Meneja hakupiga kelele. Alizuia malipo ya awamu ya pili, nikaandika fomu upya kwa gharama yangu, na wijeti ikaendelea kulala kwenye akaunti hadi mwaka ulipokwisha kwa sababu pesa hairudishwi. Sitaitaja kampuni, na msidhani ni hii ninayoitaja sasa: Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba accessiBe, kampuni inayouza wijeti za aina hii, italipa dola milioni moja, ikituhumiwa kudai kwamba chombo chake kinaweza kufanya tovuti yoyote ikidhi WCAG. Huko ndiko walikofika kwa ahadi ya mstari mmoja wa msimbo. Wewe bado uko Mbale unauliza kama bei ni nzuri.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nairudia kila nikiulizwa mpaka wenzangu ofisini wamechoka: kabla hujakabidhi kazi, mkalishe mtu asiyeona mbele yake, mlipe, mpe kazi kamili ya kufanya tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe ufunge mdomo. Usimwelekeze "bonyeza pale juu kulia". Ukijikuta unaelekeza, umeshaona kosa liko wapi. Na mlipe, nasema. Mzee wa Jinja nilimpa "asante sana" na soda mara ya kwanza, nikiwa nimepata kwake mafunzo kuliko video zote. Siku hizi namlipa kwa kila kazi, na bei yake imepanda kwa sababu anajua mimi siwezi kwenda kwingine.

Kabla ya kumwita, usimpotezee muda kwa makosa ya kitoto. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kurasa za mwanzo milioni moja kila mwaka. Mwaka 2025 zilizokutwa na makosa yanayogundulika kwa mashine zilikuwa asilimia 94.8, na karibu makosa yote ni ya aina sita zile zile: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha ya ukurasa kutotajwa. Kufifia kunapimika: maandishi ya kawaida yanatakiwa uwiano wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma. Mteja akitaka kijivu juu ya kijivu, mtoe nje juani saa saba mchana na simu yake, asome mwenyewe.

Kwenye programu za simu ni hivyo hivyo. Washa TalkBack, kisoma skrini cha Android, kwenye simu yako, funika skrini kwa karatasi, ujaribu kutuma pesa au kufungua akaunti kwenye programu uliyoitengeneza. Jifunze kwanza jinsi ya kuizima, maana kuna jamaa hapa alimpelekea fundi wa simu akidhani imepata virusi. (Haikuwa mimi. Safari hii kweli haikuwa mimi.)

Kozi: kuna ya bure ya W3C, hao hao wanaotoa viwango vya WCAG, ya utangulizi. Anza hiyo. NVDA nayo ni bure, ipakue leo kwa bando la usiku.

Ukishatengeneza kitu, hata ukurasa mmoja wenye fomu, weka kiungo chake hapa. Mzee ana nafasi Jumamosi. Bei mtaelewana wenyewe, mimi hanipi hata punguzo.